Juu ya Mkato, na Sentensi Moja ya Ngorongoro

Katika alama zote za maandishi hapana iliyo ndogo kama mkato, wala hapana iliyodharauliwa zaidi. Nukta yajulikana na kila mtoto wa darasa la pili, maana pasipo nukta maneno hayana kikomo. Alama ya kuuliza ina sauti yake yenyewe. Lakini mkato hutiwa na waandishi wengi kama chumvi itiwavyo na mpishi asiyeonja: hapa punje mbili, pale tatu, na chakula kikiharibika hapana ajuaye ni punje ipi iliyokiharibu. Majina yake ni matatu, mkato, kipumuo na koma, na hili la tatu lina mzaha ndani yake. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kipande kilichokatwa, kwa hiyo yeye aliyeuita mkato alifasiri vema kuliko pengine alivyodhani. Walakini katika Kiswahili chetu "koma" ni amri ya kuacha, na koma ni mizimu ya wafu vilevile. Nimepata kuwaona wanafunzi waliokoma kweli kuandika Kiingereza kwa ajili ya alama hii.

Sababu ya kuandika makala haya ni sentensi moja niliyoisahihisha Karatu, nikakosa.

Karatu ni mji wa udongo mwekundu na baridi ya asubuhi, katika njia ipandayo kutoka Mto wa Mbu kwenda ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, wenye lugha ya jamii ya Kikushi. Juu yao, katika nyanda za hifadhi, wako Wamasai na Wadatoga, wenye lugha za Kiniloti. Chini, kando ya Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe na lugha yao yenye vidoko, isiyo na ndugu anayejulikana. Na juu ya wote hao kimetandazwa Kiswahili, mtoto wa Kibantu, ambacho ndicho lugha ya soko, ya kituo cha mabasi na ya ugomvi wa barabarani. Ni mahali pachache katika Afrika ambapo aina nne za lugha zisizohusiana hukutana hivi, mtu akaweza kuzisikia zote kati ya chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Kiingereza hufika hapo kikiwa mgeni wa tatu au wa nne mdomoni mwa mtu, na hufika kwa gari la watalii.

Nilikwenda kuwasomesha vijana waongozao watalii hao. Sikwenda kuwafundisha Kiingereza cha kusema, kwa kuwa hicho wanacho, na mmoja wao alinishinda kwa majina ya ndege. Nilikwenda kwa ajili ya kuandika. Asubuhi moja niliwafundisha kanuni ya mkato katika maneno yafuatayo jina la mtu au kitu, nikawaandikia ubaoni sentensi mbili zinazolingana kwa kila neno. Ya kwanza ni hii: "The guides who speak German are paid more." Ya pili: "The guides, who speak German, are paid more." Ya kwanza yawabagua viongozi wajuao Kijerumani miongoni mwa wenzao, na hao tu ndio walipwao zaidi. Ya pili yasema viongozi wote walipwa zaidi, tena, kwa nyongeza tu, wote wajua Kijerumani. Darasa lilicheka, kwani lilijua ni ipi iliyo kweli.

Alasiri nikasahihisha madaftari. Kijana mmoja wa Kimasai, mzaliwa wa ndani ya hifadhi, alikuwa ametia mikato kila mahali, na kalamu yangu nyekundu ikawa inaing'oa kama magugu. Nilipofika sentensi yake ya nne niliing'oa miwili zaidi bila kusimama. Aliandika: "The Maasai, who keep cattle, are allowed to live in Ngorongoro." Jioni alinijia nilikopanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Una neno?"

"Neno dogo tu, Mwalimu. Umemfukuza baba yangu."

Nikamwuliza vipi. Akafungua daftari, akaweka kidole mahali palipokuwa na mikato, akasema kwa adabu kwamba nilipoifuta, sentensi yake imekuwa kama ile ya kwanza ya ubaoni: Wamasai wale tu wafugao ng'ombe ndio walioruhusiwa kukaa. Baba yake ng'ombe wake walikwisha kwa ukame. Somo langu la asubuhi lilikuwa limenirudia jioni, nami sikuwa na la kujibu ila kwamba alikuwa amesikiliza vizuri.

Tangu siku hiyo nimeitafuta historia ya jambo hili, na nitaieleza kwa kadiri niwezavyo, ingawa itanibidi kuondoka Karatu kwa kitambo na kwenda mbali.

Mkato ulizaliwa kwa ajili ya pumzi. Karibu na mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristofane wa Bizanti, mtunzaji wa maktaba ya Aleksandria, aliweka nukta za vimo mbalimbali katika maandishi ya Kiyunani, ambayo yalikuwa yakiandikwa mfululizo bila nafasi, ili msomaji wa sauti ajue apumzike wapi na kwa muda gani. Kipande kifupi ndicho kilichoitwa komma. Umbo tulijualo leo, la kijimkia kilichopinda, lilienea kutoka Venice katika miaka ya 1490, katika kiwanda cha mpiga chapa Aldus Manutius. Hata mwaka 1762 Robert Lowth, katika sarufi yake ya Kiingereza iliyosifika sana, alizipima alama kama mwanamuziki apimavyo noti: kila alama nusu ya muda wa mwenzake mkubwa, na mkato ndio mfupi kuliko zote. Hiyo ndiyo kanuni niliyofundishwa mimi mwenyewe nikiwa mtoto, "tia mkato upumuapo," na yamkini nawe, msomaji, ulifundishwa hivyo. Ni kanuni ya heshima. Ubaya wake ni kwamba Waingereza wenyewe waliiacha. Katika karne ya kumi na tisa mkato wao ulihama kutoka mapafuni kwenda katika sarufi, ukawa hauonyeshi tena pumzi ya msomaji bali mpaka wa maana, nasi tukabaki tukiwapokea wageni kwa salamu za babu zao.

Sisi tulikuwa na njia yetu. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu hakikuwa na mkato. Lakini kilikuwa na washairi, na mshairi wa Kiswahili hujua kukata kuliko mtu yeyote. Shairi lina ukwapi na utao, na kila mstari hugawanyika penye mizani yake, kama kitambaa kikatwavyo kwa kipimo. Na mstari wa mwisho wa ubeti huitwa kituo, jina lile lile ambalo wengine huiita nukta. Waandishi wa nakala za zamani walitenga vipande hivyo kwa vialama, na mashairi yalipoanza kupigwa chapa kwa herufi za Kirumi, mkato ndio uliochukua kazi hiyo. Ndiyo maana katika vitabu vyetu vya mashairi utauona mkato umesimama baada ya mizani ya nane, maana ikitaka isitake. Huo si mkato wa sarufi, wala si mkato wa mapafu hasa. Ni mkato wa mizani, nao ni wetu. Mkato wa nathari ulikuja na mitambo ya chapa ya wamisionari, wa Unguja tangu siku za Edward Steere, aliyefika mwaka 1864, na magazeti yao kama Msimulizi la mwaka 1888. Ulikuja bila kitabu cha kanuni. Tukautumia kwa sikio.

Kwa sikio la Kiswahili sentensi kama "Alikuja jana, hakunikuta" haina ila yoyote. Vitendo viwili vimekaa bega kwa bega, na mkato kati yao watosha. Mwanafunzi akiipeleka katika Kiingereza, "He came yesterday, he did not find me," mwalimu huikata kwa wino mwekundu, kwa kuwa Kiingereza cha leo chataka nukta, au nukta mkato, au neno la kuunga. Kosa jingine la kawaida ni kutenga kiima na kitenzi chake kila kiima kinapokuwa kirefu: "The elders of the village near the gate, refused." Mtoto alivuta pumzi hapo, basi akatia mkato. Mimi humwambia amekosa, lakini kimoyomoyo humwonea huruma, kwani Nyongeza ya Pili ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, imetenga kiima na kitenzi kwa mkato vivyo hivyo, na Wamarekani wangali wakishindana mahakamani juu ya maana yake. Wanafunzi wetu hukosa kwa mtindo wa karne ya kumi na nane.

Kuna na jambo la mikato miwili, ambayo ni pacha. Vijana wa Karatu hulipita kila siku kaburi la Michael Grzimek, aliyeanguka na ndege yake tarehe 10 Januari 1959 akihesabu wanyama wa Serengeti, akazikwa ukingoni mwa kreta. Baba yake, Bernhard, alizikwa hapo baadaye. Maneno ya jiwe lile yasema kwamba alitoa vyote alivyokuwa navyo, pamoja na uhai wake, kwa ajili ya wanyama wa mwitu wa Afrika. Nayaleta kwa maana tu, si kwa alama. Lakini mtu akiyaandika daftarini, hayo maneno ya katikati lazima yafungwe pande zote mbili au yaachwe wazi pande zote mbili. Wengi hufungua mlango wasiufunge, na nyumba ya sentensi ikabaki inapigwa na upepo.

Sasa niingie katika sheria, ambako mkato huacha kuwa adabu ya uandishi tu ukawa kitu kingine.

Majaji wa Uingereza walishikilia kwa muda mrefu kwamba alama si sehemu ya sheria, na kwamba jaji hana haki ya kuzitegemea. Hata mwaka 1960 Lord Reid, katika mahakama yao ya juu, alisema ni jambo la shaka sana kama alama za sheria mpya zaweza kutazamwa. Walakini nusu karne kabla yake mtu alikuwa amekwisha kufa juu ya jambo hilo. Jina lake Roger Casement. Watu wa Kongo wana haki ya kumkumbuka, kwa kuwa yeye ndiye konseli wa Uingereza aliyesafiri katika Kongo ya juu mwaka 1903 akaandika juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyohamwa kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold. Baadaye aligeuka mpigania uhuru wa Ireland, akaenda Ujerumani wakati wa vita kuwashawishi mateka wa Kiayalandi, na mwaka 1916 akashitakiwa kwa uhaini kwa sheria ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani. Sheria hiyo ilimtaja mtu ashikamanaye na maadui wa mfalme katika ufalme wake, akiwapa msaada na faraja katika ufalme au mahali pengine. Wakili wake alisema maneno "au mahali pengine" yafungamana na msaada tu, si na kushikamana; basi mtu aliyeshikamana na adui akiwa nje ya ufalme hakuguswa na sheria ile. Wengine wakasoma kama kwamba kabla ya maneno hayo kuna mkato, uyafanyao yarudi nyuma yaguse yote. Majaji walikwenda kuitazama hati yenyewe ya kale, na usomaji wa pili ukashinda. Alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916, na tangu hapo husemwa kwamba alinyongwa kwa mkato.

Nayataja haya kwa sababu sheria za Tanganyika ziliandikwa na wanafunzi wa majaji hao.

Ngorongoro ilikuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi hati ya Kiingereza ya kuiacha Serengeti ya magharibi, na mwaka uliofuata sheria mpya ikalitenga eneo la Ngorongoro, kilometa za mraba 8,292, ambamo watu na wanyama wangekaa pamoja. Mwezi wa Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull aliwahutubia Wamasai akawaahidi kwamba maslahi ya wanyama na ya wakaaji yakigongana, ya wakaaji ndiyo yatakayotangulia. Ahadi ile ilikuwa ya kinywa, na maneno ya kinywa hukatwa kwa pumzi. Aliyeyasikia alijua yamwelekea yeye. Mwaka 1974 waliokuwa wakikaa chini kretani waliondolewa. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa, kilimo kikakatazwa katika eneo zima, na mamlaka mpya ikaundwa na kuorodheshewa kazi zake. Kazi moja, nikiileta kwa Kiswahili bila kuongeza alama yoyote, iliandikwa hivi: kulinda na kukuza maslahi ya Wamasai raia wa Jamhuri ya Muungano wanaoshughulika na ufugaji wa ng'ombe na kazi ya maziwa ndani ya eneo la hifadhi.

Katika Kiingereza chake hapana mkato hata mmoja. Kwa kanuni niliyoiandika ubaoni Karatu, maneno juu ya ng'ombe na maziwa ni ya kubagua. Si Wamasai wote, ila wale wafugao. Na wafugao tu, si walimao. Laiti ungetiwa mkato mmoja baada ya uraia, maneno hayo yangekuwa sifa tu, kama mtu asemavyo Waswahili, watu wa pwani, na ulinzi wa sheria ungewafunika wote, mwenye ng'ombe 100 na yule ambaye ukame ulimwachia fimbo. Na Wadatoga na Wahadzabe, ambao nao wamo katika eneo lile? Hao hapana mkato uwezao kuwaokoa; hawakutajwa.

Sitaki kukuza jambo kupita kiasi. Mwanasheria atanijibu kwamba sheria ile haikumfukuza asiye na ng'ombe, ilinyamaza tu juu yake, na kweli asema. Wala mkato haukuwahamisha watu. Walipokatazwa kulima mwaka 1975, wakaruhusiwa mwaka 1992, wakakatazwa tena mwaka 2009, na tangu mwaka 2022 kaya nyingi zilipoanza kupelekwa Msomera wilayani Handeni, sababu zilizotolewa zilikuwa wingi wa watu na mifugo, na zilizonong'onwa zilikuwa utalii na fedha. Mambo hayo yana uzito kuliko kijimkia cha wino. Ninachosema ni kwamba mtu akijengewa nyumba ndani ya sentensi, ana haki ya kujua mlango uko wapi. Na kwamba alama hazijapoteza nguvu mahakamani: mwaka 2017 huko Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walishinda rufani yao ya malipo ya saa za ziada kwa sababu mkato mmoja ulikosekana katika orodha ya kazi, na mwaka 2018 shauri likamalizwa kwa dola milioni 5. Maziwa yale nayo.

Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake, na kazi ya kuzifasiri ikaanza. Ni jambo nililolitamani tangu ujana wangu, lakini limeleta kazi ngumu ambayo haikuonekana kwa mbali. Mfasiri wa sentensi kama ile hawezi kujificha nyuma ya mkato usiokuwapo. Kiswahili hakibagui kwa mkato. Chabagua kwa neno, na katika mazungumzo chabagua kwa sauti. "Wamasai wafugao ng'ombe" yaweza kuwa wote, yaweza kuwa baadhi. Ukisema "wale Wamasai wafugao ng'ombe," umekwisha kuchora mstari. Ukisema "Wamasai, ambao ni wafugaji," umeufuta. Ukiandika "Wamasai wanaoshughulika na ufugaji," umeacha mlango nusu wazi, na pengine huo ndio ufasiri mwaminifu, kwa kuwa Mwingereza wa sheria naye, kwa kanuni ya majaji wake ya kutotazama alama, aliuacha hivyo hivyo. Waaminifu wa neno watasema neno "wale" lisiongezwe. Mimi nakubali lisiongezwe, lakini si kwa sababu ya uaminifu peke yake. Mfasiri aliongezaye "wale" amewatoa watu ambao sheria yenyewe haikuthubutu kuwatoa waziwazi.

Jioni ile ya Karatu sikuyajua haya yote. Nilichukua kalamu ya wino wa buluu nikairudisha mikato miwili mahali pake, nikaandika pembeni kwamba kosa lilikuwa langu. Kijana alitazama kwa muda, kisha akauliza kama sentensi yake sasa ni sahihi kwa Kiingereza tu au ni ya kweli pia. Nikamwambia ni sahihi kwa Kiingereza. Akatikisa kichwa, akalifunga daftari, akaniaga upesi, kwani lango la Loduare hufungwa saa kumi na mbili, na gari la mwisho la kupanda juu lilikuwa likipiga honi sokoni.